Siku Mwalimu Ndahani Aliposema Hajui

Iko siku moja, mwanangu, hainitoki kichwani hata nikizeeka vipi. Ilikuwa Jumamosi ya kiangazi, bibi yako mbele na beseni tupu kichwani, mimi nyuma yake naburuza ndala, tunakwenda shuleni kuzivua kompyuta nguo zao tukazifue.

Usicheke. Ndiyo, kompyuta zilikuwa na nguo. Kaa vizuri nikusimulie, na hiyo simu iweke pembeni kidogo, haitakimbia.

Kijiji chetu unakijua, kule upande wa Mvumi. Sekondari yetu wakati huo ilikuwa changa, ukuta mwingine haujapigwa hata lipu. Basi wafadhili wakatuletea kompyuta na sola ya kuziwashia. Siku hiyo watu waliacha kupura mtama wakaja kutazama. Zikapewa chumba kizuri kuliko vyote, chenye sakafu ya saruji na kufuli kubwa, wakati ofisi ya mwalimu mkuu mwenyewe bado ilikuwa ya udongo. Na vumbi la kwetu unalifahamu, upepo ukianza kuvuma hata mboga unailia vumbi. Kwa hiyo ikatolewa amri kwamba anayeingia humo avue viatu, anawe miguu kwenye ndoo mlangoni, ajikung'ute, ndipo aingie.

Akina mama wakaona hiyo haitoshi. Siku zile nyumba yenye heshima ilikuwa na vitambaa vya kufuma kila mahali: kwenye kochi, juu ya redio, hata jagi la maji lilikuwa na kofia yake. Wakasema, iweje redio ivae halafu kompyuta ikae uchi? Wakagawana, kila mmoja na yake, wakafuma. Sasa bibi yako, hukumjua akiwa kijana, yule alikuwa hapendi kushindwa. Hakufuma kitambaa. Alifuma gauni! La samawati, pindo jeupe, ndani kalitia bitana ya kitenge kizito ili vumbi lisipate pa kupita, na lilifunika kioo pamoja na boksi lake mpaka chini mezani. Wenzake walimnunia, lakini kila mgeni aliyekuja kijijini alipelekwa kuliona.

Ufunguo wa chumba alipewa Mwalimu Ndahani, mwalimu wetu wa hesabu. Huyo, mwanangu, alikuwa na sauti moja tu, ya kuamrisha. Watu wazima wakigombania mpaka wa shamba walikuwa wanaambiana, twendeni kwa Mwalimu Ndahani akatupimie. Hakuna aliyewahi kumwuliza kitu akakosa jibu. Tulimwogopa, na tulimpenda vilevile, ingawa hilo hatukuthubutu kumwambia.

Akaanza kutufundisha kompyuta kwa maboksi ya sabuni. Kila mwanafunzi alikata kipande cha boksi, akachora herufi zote kwa mpangilio wa kwenye kitabu kilichokuja na kompyuta, akakiweka mapajani. Yeye anapita katikati na fimbo yake: "Vidole mahali pake! Usitazame chini!" Tunapiga, tunapiga, boksi limenyamaza. Insha nzima niliziandika kwenye boksi, sijui nani alizisoma. Na zile kompyuta zenyewe tuliziona dirishani tu, zimevaa. Muhula ukapita, mwingine ukaja, hakuna aliyezigusa isipokuwa sisi wa zamu ya kufuta vumbi. Tukimwuliza Mwalimu lini, anajibu, "Bado hamjaiva."

Ijumaa moja mstarini mwalimu mkuu akatutangazia habari mbaya. Wakubwa wa elimu walikuwa wamesikia kwamba kompyuta zetu ni za maonyesho. Wangekuja Jumatano kukagua, na wakikuta hazitumiki wangezihamishia shule nyingine ya mjini inayozihitaji. Mimi vidole vyangu vilishaiva siku nyingi! Nilikuwa naandika kwenye paja langu hata nikiwa kanisani. Nilirudi nyumbani nalia njia nzima, nikawa namlaumu Mwalimu moyoni kwa maneno ambayo siwezi kuyarudia mbele yako.

Ndiyo ikaja hiyo Jumamosi. Bibi yako alisema kama zinaondoka, basi ziondoke na nguo safi. Tukafika, tukakuta kufuli limefunguliwa na viatu vya Mwalimu viko mlangoni. Tukanawa miguu, mimi nikainyanyua ndoo nikaimwage, lakini bibi yako akabisha hodi akaingia, nikamfuata nayo.

Mwalimu alikuwa amekaa peku mbele ya kompyuta ya bibi yako. Gauni kalipandisha mbele, kioo kikaonekana, nyuma bado limefunika. Kitabu kimefunguliwa mapajani, mikono kaiweka magotini. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia kwa sauti ndogo mpaka nikadhani anaumwa.

Bibi yako hakuwa mtu wa kuzunguka. "Mwalimu," akasema, "hebu iwashe basi na sisi tuione. Jumatano wakiichukua, nitakuwa nimeishonea gauni kompyuta ambayo sijawahi kuiona ikiamka."

Mwalimu akatazama sakafu. Akakifunga kitabu polepole.

"Mama Sechelela," akasema mwisho, "sijui."

"Hujui nini?"

"Sijui kuiwasha. Wale mafundi waliozileta walionesha mara moja, haraka haraka, Kiingereza kingi, mimi naitikia ndiyo, ndiyo. Wakapanda gari wakaondoka. Kitabu nimekisoma chote. Lakini nikipeleka kidole hapa, nakirudisha. Nikiiharibu mbele ya watoto, uso wangu nitauweka wapi?"

Mwanangu, kicheko kilinitoka puani. Sikukusudia. Mwalimu Ndahani, na fimbo yake yote ile, na maboksi yetu!

Bibi yako akageuka. "Sechelela! Unacheka nini? Mtu mzima kakufungulia moyo wake hapa, wewe unamwonesha meno? Neno hili linabaki humu ndani. Nikilisikia kisimani nitajua limetoka kwako, na tutaonana mimi na wewe."

Kisha akashusha beseni, akavuta kiti, akakaa karibu na Mwalimu. Akasema kwa upole ambao mimi sikuuzoea: "Na mimi nikwambie langu. Kanisani kila Jumapili nashika kitabu cha nyimbo, nafungua kurasa, natazama wenzangu wamefika wapi. Sijui kusoma, Mwalimu. Hata herufi moja. Nyimbo nimezishika kwa masikio."

Kicheko kilikufa pale pale. Nilikuwa nimekaa kando ya mama yangu kanisani tangu nabebwa mgongoni. Nilijua anapenda chumvi kiasi gani, najua hatua zake gizani, lakini hilo sikulijua. Nilitaka kumshika mkono nikashindwa, nikabaki nimesimama na ndoo ya maji machafu ya miguu.

"Haya," akasema, "humu ndani hakuna anayejua. Tumwogope nani? Sechelela, weka hiyo ndoo nje, njoo ubonyeze."

Mwalimu akasoma kwenye kitabu, sauti ikaanza kumrudia. Mimi nikabonyeza. Boksi likanguruma, taa ya kijani ikawaka, kioo kikapata rangi. Bibi yako akaruka kwenye kiti: "Yesu wangu!" Tukahangaika kidogo, Mwalimu anasoma mstari, mimi nafuata, tunakosea, tunarudi, mpaka tukafika pa kuandika. Nikaweka vidole mahali pake. Lo! Vilikwenda vyenyewe. Kila nilipogusa, herufi ikatokea, nami nilikuwa nimezoea boksi lisilojibu.

Nikaandika jina la bibi yako, kubwa kabisa.

"Hapo umeandika nini?" akauliza.

"Jina lako, mama."

Akasogea mpaka pua ikakaribia kioo. "Mimi ndiye huyo?" Akapitisha kidole herufi moja baada ya nyingine, akarudia tangu mwanzo. Mwalimu Ndahani naye akatoa kitambaa akajifanya anafuta jasho.

Tulikaa pale tukichezea mpaka jua likawa kali, na mara, pap! Kioo kikawa cheusi. Ngurumo ikakatika. Nikabonyeza, kimya. Nikabonyeza tena, kimya. Mwalimu uso ulimpauka. Mimi nikajua basi, nimeiua, na Jumatano ndiyo hiyo.

Bibi yako akaingiza mkono nyuma, chini ya gauni. "Mbona lina homa hivi?" Akalivuta gauni lote, akalitupa, akafungua kanga yake akaanza kulipepea lile boksi, vile tunavyowapepea watu wanaozimia kwenye mkutano wa injili. "Lipeni hewa! Mwalimu, umesimama tu? Lipe hewa!" Na Mwalimu wetu wa hesabu, peku, akashika kitabu kwa mikono miwili akapepea upande wa pili. Nikwambie kweli, nilikuwa nalia na kucheka kwa pamoja, na safari hii hakuna aliyenigombeza.

Tulipochoka, Mwalimu akapekua kitabu, akapata mahali palipoandikwa kwamba yale matundu ya nyuma yasizibwe, ndiko inakopumulia. Akausoma ule mstari kimoyomoyo. Akalitazama gauni pale chini, akamtazama bibi yako, akameza mate.

"Sema tu, Mwalimu," bibi yako akasema. "Ni gauni langu?"

"Ni zuri sana, Mama Sechelela. Ila bitana..."

Bibi yako alicheka mpaka akakaa sakafuni. "Kumbe mimi ndiye niliyeliziba pua!" Na lilipopoa tukabonyeza, likanguruma. Mwalimu akapiga makofi peke yake.

Tukarudi nyumbani na nguo za kufua. Nilikuwa na rafiki ambaye sikuwahi kumficha kitu, na Jumapili nzima nilikaa naye na neno lile. Sikulisema. Kila nilipotaka kulisema namwona mama yangu na kile kitabu cha nyimbo.

Kumbe sikuhitaji kulificha muda mrefu. Jumatatu Mwalimu aliingia darasani bila fimbo. Akasema: "Nimewaambia hamjaiva. Nilidanganya. Ambaye hajaiva ni mimi. Kompyuta sizijui, nilikuwa naona haya. Jumamosi nimejifunza kuwasha, tena nimefundishwa na Sechelela na mama yake. Leo tunajifunza wote." Mtu mmoja nyuma akacheka, na Mwalimu akamwambia, "Cheka, baba, cheka. Ukimaliza uje mbele unisaidie." Basi tukacheka sote, tukakimbilia kunawa miguu. Siku zile mbili tulizigusa mpaka sola ikatuchoka.

Jumatano wakubwa wakaja. Wakatukuta tunaandika, kila kompyuta imezungukwa na watu, nguo zimekunjwa vizuri kwenye benchi. Afisa mmoja, mwenye tai, akamwuliza Mwalimu swali la mtego kuhusu kupanga hesabu kwenye kompyuta. Nilifumba macho. Nikasikia Mwalimu anajibu, "Hilo sijui, mheshimiwa. Kuna mwanangu yeyote humu anayelijua?" Hakuna. "Basi tulitafute." Tukalitafuta kweli, kitabu mezani, vichwa vimegusana, huyu anasema bonyeza hapa, yule anasema hapana. Afisa alisimama, akachoka kusimama, mwisho akavua viatu ambavyo alikuwa amekataa kuvivua mlangoni, akavuta kiti. "Sogeeni," akasema. "Hili hata mimi ofisini linanishinda. Mkilipata mnioneshe." Kompyuta hazikwenda popote.

Na Jumamosi zilizofuata, mwanangu, Mwalimu Ndahani alikuwa anakuja nyumbani kwetu akiwa na chaki mfukoni. Bibi yako akiwa anasonga ugali, yeye anaandika ukutani jikoni. Yule bibi uliyemkuta wewe akisoma Biblia kwa sauti mpaka majirani wanaomba afunge dirisha, alianzia pale.

Sasa nisikilize. Jana hapa dukani kwangu Mkonze, kwenye hizi kompyuta zangu, yule mzee kutoka Bahi aliyekuja kuhakikiwa pensheni yake kwenye mtandao, aliposhindwa kusogeza mausi ya kompyuta ulimwuliza, "Mzee, hata hiki hujui?" Ulisema mbele ya watu. Hukuona alivyokunja karatasi zake. Mimi niliona. Nilimfuata mpaka kituo cha bodaboda, nikampigia magoti kwenye vumbi, nikamwomba radhi kwa ajili yako, na mzee wa watu ananiambia, "Usijali binti yangu, ni kweli sijui." Nililia mwanangu. Kesho anarudi, nimemwomba arudi. Atakayemhudumia ni wewe. Umwamkie, umpe kiti kabla ya kumwuliza chochote, na umwachie mausi ashike mwenyewe. Akikosea, usimpokonye.

Nakupenda, na sijakuita hapa kukuaibisha. Umesoma kuliko mimi, na hizi mashine unazijua kuliko mimi, nami najivunia mpaka wateja wangu wamechoka kusikia jina lako. Lakini mtu akikuambia hajui, amekuamini. Ameweka uso wake mikononi mwako, ushike vizuri. Na wewe ukiwa hujui, sema. Sema mapema, kabla hujachukua fimbo na kuwachapisha watu maboksi mwaka mzima.

Mungu akupe elimu nyingi, mwanangu, akupe na moyo wa kuigawa bila dharau. Kazi za mikono yako zikuheshimishe. Na siku utakapozeeka, duniani kumejaa vitu usivyovielewa, na mjukuu wa mtu amesimama mbele yako anakusubiri ubonyeze, Mungu akujalie mtoto huyo awe amelelewa.