Springi Fupi na Barabara ya Kibosho

Mwanangu, umenionyesha picha ya springi fupi unazotaka kuweka kwenye gari lako, nami nimeikumbuka papo hapo asubuhi moja ya Krismasi, miaka ile magari ya mtumba kutoka Japani yalipoanza kumiminika Moshi. Usinune, nisikilize kwanza.

Nilikuwa na gari la mbio, jekundu, la milango miwili. Nililipenda kupita kiasi, sifichi. Springi zake zilikuwa zimechoka, likiingia kona linayumba, basi nikalipeleka Njoro, palepale Moshi, kwa fundi mmoja Singasinga, mzee Kuldip, aliyetengeneza magari ya mashindano tangu ujana wake. Nikamwambia nataka lishuke chini na liwe gumu, kama magari ya vijana wenzangu waliokuwa wakizunguka mjini jioni. Hakubisha. Aliinama akalitazama uvunguni, kisha akaniuliza swali moja tu.

"Mama yako anakaa wapi?"

Nikamjibu Kibosho, kule mlimani kwenye barabara ya mawe. Akasema basi niweke springi mpya za kimo kilekile cha mwanzo, na shokapu laini kidogo zinazoendana nazo. Kona litashika vizuri na mawe nitayapita. Hata magari ya mashindano ya huku, akaniambia, huinuliwa. Mimi nikaona mzee amepitwa na wakati. Nikaenda gereji nyingine, wakanifungia springi fupi na shokapu ngumu. Kwenye lami, nikwambie ukweli, ilikuwa raha tupu.

Sasa, mama yangu alikuwa anaumwa goti. Tangu mvua za vuli zianze hakuwa amefika kanisani, na kwake Krismasi bila misa haikuwa Krismasi, hata ndafu, yule mbuzi mzima wa kuchoma, awepo mezani. Nilimtumia salamu kwamba nitampeleka mwenyewe. Jirani mwenye pikapu alipopita asubuhi kumchukua, mama akamshukuru, akamwambia atangulie, mwanawe anakuja.

Mwanawe alikuwa amekwama. Kama kilomita moja kabla ya nyumbani, malori yalikuwa yamechimba njia mbili za matairi kwenye matope na kuacha tuta katikati. Gari langu likakalia lile tuta kwa tumbo, magurudumu yakazunguka bure. Nikakanyaga mafuta kwa hasira, jiwe likatoboa chini ya injini, oili yote ikamwagika. Watu waliokuwa wakienda misa walinipa pole, wengine wakacheka pembeni. Walijaribu kulisukuma, wapi. Nilitamani ardhi inimeze. Mwisho nikapanda kwa miguu, viatu mkononi.

Nilimkuta mama amekaa nje ya mlango, kitenge kipya, rozari mkononi. Misa ilikuwa imekwisha. Nikamweleza yote, hata habari za springi. Alinisikiliza, akaniambia niingie nile ndizi kabla hazijapoa. Hakunigombeza, mwanangu, na hilo liliniuma kuliko kama angenitukana.

Sikukuu zilipopita, gari likivutwa na lori, nilirudi kwa Kuldip nimeinamisha kichwa. Hakunicheka. Akafunga alichokisema tangu mwanzo. Vijana wa mjini wakadai gari langu sasa limesimama kama kuku anayevuka matope, nikawaacha waseme. Pasaka nikaenda kumchukua mama. Tulipofika mahali pale nilipunguza mwendo, gari likanesa kidogo, likapita. Mama akatazama nje ya dirisha.

"Ni hapa?" akauliza.

Nikasema ndiyo, mama. Akaitoa rozari yake, tukaendelea kanisani.

Kwa hiyo usichague kwa kuangalia gari linavyopendeza limeegeshwa. Fikiria barabara mbaya kuliko zote utakazopita, na nani anakusubiri upande wa pili. Springi na shokapu nunua zinazoendana, usichanganye ngumu na laini. Na ukimpata fundi anayeuliza maswali kabla ya kushika spana, huyo usimwache kama nilivyomwacha mimi. Umri wangu huu, bado naona aibu nikilikumbuka lile goti la mama.

Haya, nenda. Mungu akulinde njiani, na wanaokutegemea akufikishe kwao mapema.