Sauti ya Kihenge

"Mpunga tumelima wenyewe, halafu mchele tukanunue dukani? Gunia hili la mwisho haliondoki, Anord," mama alisema, kalikalia kabisa.

"Mama, siku hizi ndo maisha. Unauza, unanunua. Dukani kwa Firoz kuna kila kitu."

"Na Firoz akiishiwa?"

Nikacheka. Mama yangu, Faustina, analima mpunga hapa Rujewa tangu usichana. Zamani walivuna, wakajaza kihenge, lile ghala la nafaka la nyumbani, kilichobaki ndo wakauza. Sasa tunauza karibu wote. Kila asubuhi anagonga kihenge kwa ngumi, kama bibi alivyomfundisha, asikie kimejaa kiasi gani. Kinalia kitupu.

"Mwaka ule mvua zilivyokata barabara, ulikula nini?" akaniuliza taratibu.

Nikakumbuka. Duka lilikuwa wazi ila rafu hazina kitu. Kihenge ndo kilitulisha.

Nikakigonga na mimi. Kikalia kitupu, nikashindwa kucheka tena.

Lori likapiga honi kule kwenye mashine ya kukoboa, wananisubiri nipakie mchele wa kwenda sokoni Mwanjelwa. Nikamwachia mama gunia lake, nikaenda kupakia magunia ya watu.