Mwanaume Aliyeita Jina la Bibi Yangu Katika Kila Chumba

Mwanaume aliita jina la bibi yangu katika kila chumba cha nyumba yangu, kwa mara moja.

Salon. Jikoni. Chumba tunacholala. Hata kule nyuma kwa mama mukwe.

"Émilienne eee... Émilienne, rudi."

Mimi nimesimama katikati ya salon, simu mkononi, damu imepanda kichwani.

Musicheke. Ngojeni niwaeleze.

Ninaitwa Archange. Mimi ni Munande wa Butembo, lakini duka langu liko Walikale-centre. Nauza simu, batri na panneaux za jua. Bibi yangu, ndiye muke wangu Émilienne, ni mutu wa Kibua. Ni muzuri. Sisemi hivyo juu ya kuwa ni wangu, muulize yeyote.

Na mimi nina wivu. Ule mbaya. Mwanaume akimsalimia na kucheka, nahesabu meno yake.

Sasa, kaka yangu mukubwa alirudi kutoka Dubaï, akaniletea bafle za kisasa, spika za muziki. Hazifungwi na waya kati yao, zinaongea kwa wifi. Unaweka moja kila chumba, unacheza muziki kwa simu, nyumba nzima inaimba pamoja. Mama Elisabeth, mama mukwe wangu, anakaa nasi. Niliweka moja chumbani mwake awe anasikiliza misa kitandani, maana magoti yanamsumbua.

Majirani walikuwa wanasimama barabarani kusikiliza. Nikajisikia gouverneur wa mkoa.

Kisha baba mudogo wa Émilienne akafa kule Kibua.

Émilienne akaenda matanga. Akarudi juu ya pikipiki, nyuma ya mwanaume, na muzigo umefungwa na kitenge.

Mwanaume mwenyewe ni Noël, technicien, fundi wa mitambo wa redio ya hapa kwetu. Mrefu. Sauti nzito. Anaimba mu chorale ya parokia. Eti walikutana kwenye matanga, na barabara ilikuwa mbaya, akamleta.

Eti.

Ndani ya kitenge mulikuwa tourne-disque ya zamani, gramafoni ya sanduku la mbao lenye kifuniko, na disque moja tu, ile sahani ya muziki. Karatasi ya katikati imeliwa na unyevu, jina halisomeki.

"Ni vitu vya Papa," Émilienne akaniambia. Papa yake, Sébastien, alikufa yeye akiwa bado ananyonya. Hakumjua sura wala sauti. "Archange, si tuna bafle? Tuifunge kwa hii ya salon, tusikie iko na nini."

"Nitaangalia," nikajibu.

Sikuangalia. Kazi ya duka.

Ni Noël njo aliangalia. Nikirudi kutoka duka namkuta amepiga magoti mbele ya lile sanduku, bibi yangu anamshikia torche. Wanaongea polepole. Polepole sana. Nikiingia, kimya.

"Munaongea nini?"

"Mambo ya waya, kaka," Noël akasema.

"Waya gani inaongewa sikioni?"

Émilienne akatupa jicho kwenye mulango wa nyuma, kisha akaniangalia. "Archange, si sasa."

Si sasa! Na wewe ungelala?

Noël akaanza kunieleza kama mwalimu. "Kaka, sauti ya hii tourne-disque iko ndogo sana. Ukiichomeka moja kwa moja kwenye bafle, itasikika kama mbu. Inataka préampli, kisanduku cha kuikuza kwanza. Njo iingie mu bafle moja, na hiyo moja igawie zingine."

"Bafle ni zangu," nikamwambia. "Nyumba ni yangu. Vitu vya courant, vya umeme, mimi njo ninauza hapa. Rudi kwenye redio yako."

Akachukua pince zake za kukata waya, akaenda. Émilienne hakula siku ile.

Nilipekua mufuko wake. Ndiyo, nilipekua. Nikakuta kisanduku cheusi chenye matundu mekundu na meupe, kimefungwa vizuri na kitambaa safi, kama zawadi.

"Nani amekupa hii?"

"Noël. Ni préampli, ilikuwa mu meza ya zamani ya redio."

"Bure?"

"Bure."

"Mwanaume hatoi kitu bure."

Akanitazama, macho makavu. "Basi funga wewe. Si unajua vitu vya courant?"

Jumapili, tumetoka misa, nikafunga.

Nikaanza kwanza kwa kuchomeka moja kwa moja, bila kile kisanduku. Nilitaka kumwonyesha Noël si kitu.

Mbu. Mbu kabisa.

Nikauma meno. Nikaweka préampli katikati: waya nyekundu na nyeupe kutoka tourne-disque, ule waya mwembamba kwenye skrubu ili kelele ya mmmm inyamaze, kisha waya mwingine mpaka bafle ya salon. Kwa simu nikachagua vyumba vyote.

Nikashusha sindano.

Kukwaruza. Gitaa. Kisha sauti ya mwanaume, nzito, imejaa nyumba.

"Émilienne eee... Émilienne, rudi."

Ndugu zangu, hapo sikuona tena. Nilisikia Noël. Akili yangu yote iliniambia ni Noël, amejirekodi, ameingia mpaka chumba ninacholala.

"Émilienne!"

Akatoka jikoni mbio, mikono imejaa bugali. Macho makubwa.

"Ile sauti ni ya nani?"

"Sijui..."

"Haujui? Anakuita kwa jina! Majirani wanasikia! Si Noël wako yule?"

"Archange, iko disque ya zamani, namna gani iwe Noël..."

"Chukua vitu vyako. Enda kwa mwenye sauti."

Nilisema hivyo. Kwa kinywa changu.

Mulango wa nyuma ukafunguka. Mama Elisabeth, bila fimbo, bila viatu, mukono mumoja ukutani. Yeye ambaye kumtoa kitandani ni kazi ya watu wawili.

"Nani amemufungulia Sébastien kinywa mu nyumba hii?"

Bafle tu zilikuwa zinaimba.

"Mama," Émilienne akasema, "hii njo sauti ya Papa?"

Akakaa chini palepale kwenye simenti. Akaanza kucheka na machozi. "Alikuwa ananiimbia. Sikilizeni, ananiita mimi."

Mama Elisabeth akatikisa kichwa.

"Hapana, mwanangu. Hiyo disque waliifanya Kisangani. Wewe haukukuwa hata mu tumbo."

"Sasa Émilienne ni nani?"

Mama akaangalia bafle.

"Ni mwanamuke papa yako alimupenda mbele yangu, kabla hajanioa. Na nyuma yangu vilevile, maana wewe ulipozaliwa nilikuwa bado nalala maternité, kwenye wodi ya wazazi, papa yako akakupeleka kwa Padri akubatize. Nilipopata nguvu ya kuuliza, jina lilikuwa limekwisha kuandikwa."

Njo nikaelewa kitu. Tangu nimemuoa Émilienne, sijawahi kumsikia mama yake akimwita kwa jina. Ni "mwanangu", ni "wewe mutoto". Basi.

Mama alipofiwa na bwana yake, hakuvunja ile disque. Alimwachia shemeji yake Kibua, yule baba mudogo aliyekufa, aifiche, akaambia watu ilivunjika kwenye kukimbia vita. Na siku binti yake anaenda matanga, alimwonya: "Lile sanduku lisiingie pale ninapolala."

Émilienne akanigeukia.

"Njo maana tulikuwa tunaongea polepole, Archange. Juu ya Mama. Haikukuwa juu yako."

Nikakimbilia tourne-disque, nikainua sindano. Lakini bafle hizi zinachelewa kidogo kupokea sauti. Mukono wa sindano niko nao hewani, disque haiguswi na kitu, na yeye bado anaimba mu vyumba vyote: "...Émilienne, rudi."

Kisha kimya.

Mama Elisabeth alikuwa ameona. Alikuwa ameshika mulango kwa mikono miwili.

"Rudisha," akasema.

"Mama, nilifikiri..."

"Nimesema rudisha. Nimemukasirikia mupaka nimesahau anaongeaka namna gani."

Nikarudisha. Tukamletea kiti karibu ya bafle. Alisikiliza wimbo wote, akibishana naye kama mutu aliye hai. "Muongo." "Hapa alisahau maneno, sikieni, anaimba la-la-la." "Angalia, bado anajidai."

Ulipoisha, Émilienne akaomba tugeuze upande wa pili. Sote watatu tulikuwa tunangoja jina moja. Elisabeth.

Halikuja.

Upande wa pili ulikuwa wimbo wa kusifu timu ya mupira.

Mama Elisabeth akacheka mpaka akashika mbavu. "Njo yeye kabisa," akasema. Kisha akafunika uso na kitenge, na binti yake akamshika.

Jioni ile Émilienne alihamia chumba cha mama yake. Nikafikiri atanisamehe kesho yake. Hapana.

"Kila kitu kingine kilitoka mu bafle," aliniambia. "Lile neno la kunifukuza lilitoka mu kinywa chako."

Nilienda redio kumuomba Noël msamaha. Alinisikiliza amesimama. "Kaka, mimi papa yangu ananikemea kila asubuhi. Yeye hajawahi kumsikia wake. Ni hiyo tu nilikuwa namsaidia." Hakunipa mukono. Sikumlaumu.

Émilienne alirudi chumbani kwetu, lakini kwa muda wake, si kwa muda wangu.

Wivu wangu juu ya Noël ulikuwa wa siku chache, na karibu ubomoe nyumba. Wa Mama Elisabeth ulikaa maisha mazima, ukamnyima mutoto sauti ya baba yake, na yeye mwenyewe ukamnyima sauti ya bwana yake. Wewe unayesoma hii na simu ya bibi yako iko mukononi mwako, unapekua: muulize. Na ukimuuliza, ngoja jibu mpaka mwisho.

Mimi sijapona, sitawadanganya. Jana alipigiwa simu, akacheka sana.

"Ni nani?" nikauliza.

"Ngoja nimalize," akasema.

Nikakaa kwenye kiti. Nikangoja.