Kitu Uchi Uani kwa Fundi Optatus

Ziada wa nyumba ya tatu alinikuta bombani, ndoo yangu haijafika nusu.

"Mama Saida, umesikia? Fundi Optatus kaingiza kitu uchi uani kwake. Kakifunika kanga ya marehemu mkewe."

"Kitu gani?"

"Mimi nitajuaje? Nilimsikia mgeni wa Dar akimwambia nyuma ya ukuta, hii iko uchi, usiiache juani. Astaghfirullah. Mzee wa watu, na kanisani hakosi."

Nilicheka, lakini ndoo ilipojaa nilipitia kwa fundi. Tunapakana ukuta hapa Rasbura. Ndiye aliyemtengenezea Saida wangu bembea kwa springi ya shokapu mbovu, mtoto akaacha kulia mchana kutwa. Alitoka kijijini kwao Likawage akiwa kijana, na tangu hapo kazi yake ni pikipiki. Hana haraka. Kabla ya kushika spana huweka kiganja juu ya tangi na kunyamaza, kama anayempima mtoto homa. Vijana wa bodaboda walimwita Daktari kwa heshima, baadaye kwa kejeli, mwisho wakahamia kwa mafundi wa stendi. Kibao chake kilichukuliwa na mvua, naye hakukirudisha. Dada yake alikuwa akimpigia simu kila wiki arudi nyumbani walime ufuta.

"Shikamoo, fundi."

"Marahaba. Umetumwa na Ziada."

"Anasema una kitu uchi."

Alicheka mpaka akakaa juu ya tairi. Kisha akaifunua ile kanga taratibu, kuanzia chini.

Injini nje, mabomba nje, haina bodi wala kioo cha kukinga upepo. Huko zinakotoka huitwa hivyo hivyo, pikipiki za uchi. Ilikuwa imejikunja kama jogoo anayetaka kuruka. Mwenyewe ni yule mgeni wa Dar, Jerome, mpima barabara. Alikuwa akitoka Mtwara, shokapu zikakakamaa njiani, mgongo ukamshinda, akaiacha kwa fundi wa karibu. Lori la kuibeba lingefika Ijumaa.

"Shokapu zake zina akili," fundi aliniambia. "Kwenye shimo zinalegea, kwenye lami zinakaza, zenyewe, kwa umeme. Sasa zimekaza tu. Hii ikinishinda, Mama Saida, Jumamosi nafunga. Nakwenda Likawage."

Alisema kama anayesema leo kuna mawingu. Lakini mkono ulikuwa bado umeshika pindo la kanga.

Alhamisi asubuhi aliniita ukutani. Alihitaji macho: taa ya kuonya iko mbele, nyaya ziko nyuma, na yeye ni mmoja. Nikasimama na Saida kiunoni, nikiangalia taa ndogo ya manjano. Yeye akalala chini, akawa anauminya waya kidogo kidogo.

"Inawaka?"

"Inawaka."

"Sasa?"

"Inawaka."

Tulikwenda hivyo mpaka Saida naye akaanza kuitikia, "Nawaka." Jua lilitufikia miguuni.

"Sasa?"

"Imezima."

Akaachia.

"Imewaka."

Akaminya palepale. Ikazima.

Waya ulikuwa umekatika ndani, ganda lake la nje zima kabisa. Akanionyesha, uso umejaa vumbi. "Umeona? Mwili mzima uko wazi, na ugonjwa umekwenda kujificha palepale penye nguo." Akauunga kwa lehemu, akauvika mpira, akarudisha kiganja juu ya tangi.

Ijumaa Jerome alifika na lori. Fundi alimwomba aende kwanza mpaka kwenye matuta ya barabara kuu na kurudi. Vijana wa bodaboda walikuwa wamejazana. Fundi aliikunja kanga, akaikunjua, akaikunja tena. Mimi nilisahau maharage jikoni.

Jerome alirudi akapita juu ya tuta la kwetu bila kuinuka kitini. Pikipiki iliinama ikainuka polepole, kama mtu anayeitikia salamu. Hakushuka. Alimwambia tu dereva wa lori ageuze, arudi mtupu.

Abilahi, yule aliyeanzisha kejeli, akasogea. "Daktari, yangu inagonga nyuma. Niilete lini?"

"Ina nguo?"

"Inazo."

"Basi ilete Jumatatu. Za nguo ndizo zinazoficha."

Ziada alikuwa mlangoni kwake. "Kumbe pikipiki," alisema, akaingia ndani kama aliyepunjwa.

Jumamosi sikusikia kufuli. Nilisikia hodi. Fundi alikuwa na kipande cha ubao na kopo la rangi nyeusi.

"Mama Saida, wewe una mwandiko wa kusomeka. Niandikie kibao."

"Niandike nini?"

"Fundi Optatus. Pikipiki zote." Alikwenda hatua tatu, akageuka. "Na chini yake uongeze, hata za uchi. Herufi kubwa, Ziada asome bila miwani."