Mafiga Yaliyopanda Boti

Juzi, kwenye boti niliyopanda kwenda Mbwera, nahodha alimzuia bibi mmoja aliyelemewa na kapu.

"Bibi, mawe yote haya ya nini?"

"Si mawe, baba. Mafiga. Mjukuu wangu kaolewa huko kwenye matope, hapati jiwe hata la kumtupia kunguru."

"Boti imejaa. Acha moja, yapande mawili."

Wanawake botini wakaangua kicheko. Bibi hakucheka. Alimtazama kwa huruma.

"Umeoa, mwanangu?"

"Bado."

"Ndiyo maana."

Akamkunjisha nahodha ngumi, kisha akakunja zake mbili na kuzisogeza karibu, ya nahodha ikawa ya tatu. "Sasa hapa chungu kitakaa. Jiwe likiwa peke yake ni jiwe tu. Likipata wenzake wawili, na moto katikati, ndipo tunaliita figa."

Mafiga yakapanda yote. La tatu nahodha alilipakata mwenyewe mpaka Mbwera, mkono mmoja kwenye usukani.

Mimi nyumbani napikia gesi, na mafiga nimeyaita mawe maisha yangu yote. Niligeuzia uso majini, bibi asije akaniuliza na mimi kama nimeoa.