Mbwa Wangu Alipotoa Damu

Mbwa akitolewa damu hafanyi makuu. Nasema hivi kwa kuwa nilimtoa wangu nilipokuwa kazini Kibondo, miaka ya sabini, na kila niliyemsimulia baadaye alitaka kusikia habari za kamba na kilio. Hakuna kilio. Unamnyoa manyoya ya shingoni kwa wembe, unamlaza ubavu, mtu mmoja anamshika kichwa, sindano inaingia kwenye mshipa mkubwa, na chupa unaiweka sakafuni ili damu iteremke yenyewe. Anahema. Anakutazama kwa jicho moja. Siku hiyo hatakula, atakunywa maji mengi, atalala. Kesho yake anadai ugali wake kama kawaida, na kwa upande wa mbwa mambo yanaishia hapo. Ya mwenye mbwa ndiyo hakuna aliyenionya.

Nilikuwa bwana mifugo msaidizi, kijana wa Upareni niliyepangiwa Kibondo bila kuulizwa. Nilipewa nyumba ya serikali ukingoni mwa mji, na ndani yake nikamkuta mbwa, jike kubwa la rangi ya majivu, aliyeachwa na mtu niliyepokea kazi yake. Sikumpa jina. Nilikuwa nikitoka kazini Jumamosi saa sita, na hadi Jumatatu asubuhi naweza nisiseme neno na mtu. Wenyeji waliongea Kiha barazani mwao. Nikikaribia wanageuza Kiswahili, wananiuliza habari za kazi, kisha wananyamaza mpaka nipite. Hawakuwa na ubaya wowote. Mimi nilikuwa mpweke, na zaidi ya hapo nilikuwa na kiburi cha kutotaka kuonekana mpweke, na kiburi cha namna hiyo hakimkaribishi mgeni.

Basi siku moja akaja ofisini mzee amembeba mbwa mabegani, miguu minne ameishika kifuani, kama abebavyo mtu mbuzi mgonjwa. Wenzangu wa ofisi ya kilimo walitoka nje kumcheka. Alikuwa mwindaji, mjane, mmoja wa wale waliohamishwa kutoka mashambani mwao wakaletwa kwenye kijiji kipya, na mbwa yule mwembamba mwenye kengele ya mti shingoni ndiye aliyebaki naye nyumbani. Nilimfunua mdomo. Fizi zilikuwa nyeupe kama chokaa, na macho yameingia ukungu. Ilikuwa ndorobo, ugonjwa unaoletwa na mbung'o, na kule mbung'o hawakosekani.

Nikamwambia mzee ukweli: dawa ninayo, lakini mbwa huyu hatafika siku ambayo dawa itaanza kumsaidia, maana damu imemwishia. Akauliza damu inapatikana wapi, kwa sauti ileile ambayo mtu angeuliza chumvi inapatikana wapi. Nilitaka kumjibu kwa ukali. Kisha nikamwona wangu, aliyezoea kunifuata kazini, amelala chini ya meza, mnene, hana kazi yoyote duniani.

Nilikuwa nimeona kazi hiyo ikifanywa mara moja tu, chuoni. Nikaenda hospitali kuomba chupa na dawa ya kuzuia damu isigande, nikapewa pamoja na kicheko. Tukamlaza mbwa wangu sakafuni, mzee akamshika kichwa, mimi nikashika sindano. Muda wote ule damu ilipokuwa ikiteremka, mzee alimsemesha kwa Kiha, polepole, maneno mengi, kama anamsimulia jambo. Mbwa akalaza kidevu kwenye kiganja chake akatulia. Niliona wivu, nakiri. Tangu niishi naye nilikuwa sijamwambia kitu zaidi ya toka na njoo.

Mzee akaniuliza kwetu wapi. Nikamwambia Same, milimani, nikijua hapajui. Akasema ujana wake aliumaliza mashamba ya mkonge ya Tanga, na alipohamishiwa mashamba ya kaskazini alipita pale kwa treni.

“Milima yenu nimeiona,” akasema. “Asubuhi ukungu unaifunga kiunoni.”

Nilikuwa nimekaa Kibondo mwaka na miezi, na hakuna aliyekuwa amenitajia milima ile. Nikainama juu ya chupa nikajifanya naangalia kipimo.

Tukampa mbwa wake ile damu, nikamchoma dawa, akapona. Siku ya tatu alisimama, wiki ya pili alikuwa anafukuza kuku wa jirani. Mzee akaja kwangu Jumapili na maharage kwenye kikapu na kibuyu cha pombe ya ndizi. Akanywa kwanza yeye, akanipa, ndipo akasema.

“Mimi na wewe sasa ni ndugu. Kwetu watu wakichanganya damu wamekuwa ndugu. Zamani tulichanjana wenyewe. Safari hii wametuchanjia mbwa.”

Nilicheka. Na yeye alicheka, lakini hakuwa anatania. Tangu siku ile akaacha kuniita bwana mifugo, akaniita mwenewachu, yaani ndugu wa kwetu. Kila Jumapili alikuja. Alinitengenezea mlango uliokuwa unaburuza, alinionyesha uyoga wa kula na wa kuacha, akakaa nami hata tusipokuwa na la kusema. Nikaanza kuamka mapema Jumapili. Nikaanza hata kumsemesha mbwa, Kipare, mlango ukiwa umefungwa.

Ila habari zikafika ofisini. Bwana shamba, mtu wa maneno, akawa kila nikiingia anauliza ndugu zangu wenye mikia hawajambo, na wote wanaangua kicheko. Utani tu. Ningekuwa na akili ningecheka nao yakaisha. Mimi nikaona haya. Nikaanza kumwambia mzee asiniite vile mbele ya watu.

Kisha dada yake mkubwa akafariki, kule upande wa Kasanda. Mzee alinijia mwenyewe alfajiri, kabla hajaondoka, hakutuma mtu. Akasema mazishi ni kesho, na mimi ni wa kwao, nitashika jembe pamoja na wana wa marehemu. Nikamwambia nina safari ya Kasulu kuchukua chanjo. Ilikuwa kweli, lakini chanjo ingeningoja siku mbili bila kuoza, na mimi nilijua, na nadhani na yeye alijua. Nilichoona mbele yangu ni watu wote wa kule wakiuliza huyu Mpare ni ndugu kwa upande gani, na mtu akajibu kwa upande wa mbwa. Nikaenda Kasulu. Nililala nyumba ya wageni karibu na soko, nikala wali kwenye mkahawa wa Mwarabu, nikajiambia kazi ni kazi.

Niliporudi nilimpitia kumpa pole. Alipokea kwa mikono miwili, akasema, “Ahsante, bwana mifugo.” Hakununa. Jumapili hakuja. Iliyofuata pia hakuja. Tukikutana njiani alinisalimu vizuri, akauliza habari za kazi, akanyamaza nipite.

Miezi michache baadaye nikaletewa simu ya maandishi ofisini. Baba yangu amefariki, na kwa tarehe iliyoandikwa alikuwa ameshazikwa siku nne nyuma. Niliikunja nikaitia mfukoni. Sikumwambia mtu, bwana shamba alikuwa anasimulia jambo la kuchekesha. Nilipofika nyumbani nilikaa kitini, nikasimama, nikatoka. Kwetu msiba haukaliwi na mtu mmoja. Nilijua mtu mmoja tu katika wilaya nzima ambaye ningeweza kumwambia, ambaye angejua baba amelazwa chini ya mlima gani.

Nilimkuta anapukuchua mahindi mlangoni. Nikamwamkia shikamoo, akaitika, akaingia ndani akatoa kiti chenye mgongo, akakifuta vumbi, akakiweka mbali kidogo na mkeka wake, kama anavyowekewa mtu wa serikali. Nikakaa. Simu ilikuwa mfukoni, naigusa. Nilitafuta neno la kuanzia. Nikijua kwamba mimi sikumzika dada yake, kila neno lilikuwa kama kuomba kitu nilichokataa kutoa.

Nikasema nimekuja kumwangalia mbwa.

“Mzima kabisa,” akasema. Akaendelea kupukuchua, kisha, kwa adabu ya kumuuliza mgeni, akauliza, “Wa nyumbani kwenu hawajambo?”

“Hawajambo,” nikajibu. “Hawajambo wote.”