Aliunga Anwani kwa Amri Moja, Wenzake Sita Wakakosa Kazi

Saa mbili kasoro dakika kumi asubuhi, anafungua chumba cha anwani kwa ufunguo ambao zamani hakuwa nao. Anawasha taa moja kati ya nne. Meza ni saba. Anakaa kwenye ya pili kutoka dirishani, anabonyeza kitufe, na kabla hajamaliza kuvua sweta, kazi ya siku nzima imekwisha.

"Hiyo ndiyo kazi yangu," anasema. "Sasa nitakaa hapa mpaka saa kumi, mimi na ukuta."

Ana miaka thelathini na minane. Wenzake walimwita Bi Haraka, kwa jinsi vidole vyake vilivyokimbia kwenye kibodi. Wenzake hao hawapo tena, na ukimuuliza nani aliwaondoa, hazunguki mbuyu.

"Mimi. Usiandike kompyuta. Andika mimi."

Chumba hiki ni cha kampuni ya maji. Kwa kuwa nyumba nyingi hazina namba, anayeomba maji hujaza fomu yenye vipande vipande: mtaa, kitu kinachojulikana karibu na nyumba, rangi ya geti, jina analoitwa na majirani. Kazi ya watu saba ilikuwa kuvichukua vipande hivyo na kuviandika upya katika mstari mmoja, vikitenganishwa kwa mkato, ili msoma mita aufuate kama kamba. Mtaa wa juu, nyuma ya shule ya wasichana, geti la kijani, kwa fundi cherehani. Mtu mmoja aliandika mistari mia na hamsini kwa siku.

Aliyemwingiza hapa ni wifi yake, dada mkubwa wa mumewe, miaka tisa iliyopita.

"Nilikuwa nyumbani na watoto wawili, mume hana kazi. Wifi akaenda kwa meneja akamwambia, 'Huyu akishindwa, nifukuzeni mimi.'"

Wifi hakuwa wa kuandika tu. Kila asubuhi aliwasubiri wasoma mita mlangoni akawahoji kama hakimu. Ndipo ungemsikia akiguna juu ya fomu: "Geti gani la kijani? Hawa walishalipaka bluu!" Anafuta, anasahihisha.

Mwaka jana kifundo cha mkono wa wifi kilianza kuvimba. Alikuwa akiandika huku ameuma meno, na jioni hawezi hata kushika ufunguo. Bi Haraka hakuvumilia. Akaazima kitabu cha kuandika programu kwa jirani yake mwalimu, na kwa miezi minne, wenzake walipotoka kwenda kula, yeye alibaki na kitabu.

Mwanzoni aliiambia kompyuta iokote kipande, iweke mkato, iokote kingine. Ikatii, ila kila mstari ulibaki na mkato unaning'inia mwishoni. Halafu akagundua kwamba kuna amri moja kwa ajili hiyo tu: unaipa alama ya kutenganisha, unaipa orodha, inakurudishia mstari mmoja uliokamilika. Kipande kikiwa namba, amri iligoma mpaka akigeuze kiwe maandishi. Kikiwa kitupu, ilipachika mikato miwili, akajifunza kuvichuja vitupu kwanza.

Ikafika Jumanne ambayo anaikumbuka mpaka nguo aliyovaa. Alichukua rundo la wifi, akabonyeza. Mistari mia na hamsini ikatoka wifi bado anafuta miwani.

"Alicheka mpaka akatoa machozi. Akanikumbatia, 'Wifi yangu wee, leo mkono umepata likizo!' Chumba kizima kikapiga makofi."

Makofi hayo yakamfikia meneja. Akaja, akasimama nyuma yake. "Rudia," akasema. Akarudia.

"Na za wenzako?"

"Zote tu, bosi. Hata za mwaka mzima."

Anaposimulia hapa anafunika mdomo kwa kiganja. "Nilisema kwa kujidai, unajua? Nilitaka anisifu. Hilo neno 'zote' ndilo linalonila."

Wiki saba baadaye zikaja barua sita. Mkongwe wao, waliyezoea kumwita Mzee Mkato, alikuwa amebakiza miaka miwili astaafu. Alifungasha kikombe chake na kalamu, akapita mezani kwa Bi Haraka. "Mwanangu, kazi yako ni safi," alimwambia. "Sijui tu nikaisifie wapi."

Wifi hakupaza sauti. Alikunja barua mara mbili, akaitia kwenye mkoba. "Wahenga hawakukosea," alisema. "Haraka haina baraka." Tangu siku hiyo, huu ni mwezi wa tano, hajamwambia neno jingine.

Nyumbani nako hakukaliki. "Mume wangu huenda kwa dada yake peke yake. Akirudi simuulizi, naye hasemi. Tunazungumza habari za watoto, basi."

Amri yenyewe inaunga chochote inachopewa. Haijui geti lililopakwa upya wala fundi aliyehama. Mwezi uliopita anwani mia mbili na kumi na mbili ziliwapeleka wasoma mita kwenye mageti yasiyo yao. Bi Haraka alimwandikia meneja barua, akaomba watu wawili wa kuhakiki warudishwe, na jina la wifi akaliweka la kwanza. Jibu alipewa ukumbini, meneja akiwa anapita: "Watauliza njiani. Watu wana midomo."

Siku hiyohiyo akaambiwa na lake. Kitufe kinahamia kwenye meza ya meneja. Mkataba wake unaisha mwisho wa mwezi huu.

"Sikulia," anasema. "Niliona hata kulia ni kujipendelea."

Kilichomliza kilikuja baadaye, mumewe alipoteleza ulimi wakati wanakula. Wifi sasa anafulia watu nguo, nyumba tatu kwa wiki, kwa mkono uleule.

Amekwenda kwake mara tatu. Anapiga hodi, anasikia ndoo ikisogezwa uani, lakini mlango haufunguliwi. Mara ya mwisho mtoto wa jirani alimwambia, "Mama yupo, ila amesema hayupo."

Jumamosi hii atakwenda tena. Mumewe amemuuliza atakwenda kusema nini.

"Kazi ya kumrudishia sina. Hata yangu sina," anasema, akivaa tena sweta. "Nataka anifungulie tu, nimfulie za siku hiyo. Aketi pembeni. Akitaka kunitukana, anitukane, mradi mkono wake usiingie majini."